Kuchomelea Malori Bila Kuua Vyombo Vyake vya Umeme

Maneno ya Idara ya Magari yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu, katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Waliotutangulia wamesema juu ya bei, juu ya maghala na juu ya mikopo, na wamesema vizuri. Sisi wa Idara ya Magari tumekuja na jambo lionekanalo dogo, jambo la kibano kimoja cha chuma na spana moja. Walakini tumeona kwamba mahali pa kulisema ni hapa, kwa kuwa magari yaharibikayo ni yenu, na fedha zinunuazo kifaa kipya hukatwa katika mazao yenu.

Jambo lenyewe ni kuchomelea. Hakuna lori libebalo mazao katika njia zetu lisilopata kuchomelewa. Bodi hupasuka, hanga ya springi hukatika, ndoano ya tela hulika, chasisi huingia ufa. Hiyo si aibu, kwa maana barabara zetu twazijua. Lakini katika miaka ya karibu tumeona ajabu: gari huenda kwa fundi likitembea lenyewe, huchomelewa vizuri, kisha hukataa kuwaka. Wengine husema ni bahati mbaya, na wengine humshuku dereva kwamba ameuza kifaa. Sisi twasema kwamba jambo hili lina sababu yake, nayo yajulikana, na dawa yake haizidi robo saa ya kazi.

Yafaa tuwasimulie habari ya lori moja, bila kutaja la nani. Lilikuwa la mchukuzi aliyekodiwa na vyama vyetu viwili, nalo lilikuwa limejaa kahawa. Hanga ya springi ya nyuma ikakatika njiani. Dereva akampata fundi kando ya barabara, mtu hodari wa kazi yake. Mashine ilikuwa kibandani upande wa mbele wa lori, na waya wa ethi ulikuwa mfupi. Basi fundi akafunga kibano chake kwenye bampa ya mbele, akavuta waya wa kijiti mpaka nyuma, akachomelea. Betri haikufunguliwa. Kazi ikaisha kwa muda mfupi, na mshono ule ungaliko hata leo bila ufa. Lakini dereva alipozungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka zote pamoja, kisha zikafifia, na injini haikuitika. Kontroli boksi ya injini ilikuwa imekufa. Kuitafuta nyingine ya namba ileile, na kumpata mtu wa kuiandikia programu ya lori lile, kulichukua karibu majuma mawili. Kahawa ilikaa chini ya turubali wakati wa mvua mpaka lilipopatikana gari la kuihamishia, na wanachama wa vyama vile viwili wakangoja malipo yao huku ada za shule zikidaiwa.

Hatumlaumu fundi yule. Alifanya kama alivyofundishwa na bwana wake, na bwana wake alifundishwa katika siku ambazo desturi hiyo haikuwa na madhara makubwa. Lori la dizeli la zamani lilikuwa chuma na mafuta. Pampu yake ilizungushwa na injini yenyewe, na kipimo cha mafuta kilikuwa kazi ya springi na vyuma. Likiisha kuwaka, malori mengi ya namna ile hayakuhitaji umeme isipokuwa wa taa na honi. Ungeweza kulichomelea popote, ukafunga ethi popote, na hasara kubwa ambayo ungeipata ni diodi za altaneta, kama lilikuwa na altaneta wala si dainamo.

Mambo yakabadilika kidogo kidogo. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ya Magharibi ilianza kutoa kwa ajili ya magari breki zisizofunga magurudumu, ziitwazo ABS, zilizosimamiwa na kikasha cha umeme. Mwaka 1986 kampuni hiyo hiyo ikatangaza njia iitwayo CAN, ambayo kwayo vikasha vyote vya gari husemezana kwa nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Injini za dizeli nazo zikaingia kidogo kidogo katika utawala huo, hata leo nozeli yenyewe hufunguliwa na kufungwa kwa amri ya umeme, mara nyingi katika sekunde moja. Malori yafikayo bandarini leo, hata yale yaliyokwisha kutumika nchi nyingine, huwa na kikasha cha injini, kikasha cha breki, mara nyingi na cha giaboksi, pamoja na sensa zilizotapakaa kutoka bampa hadi taa za nyuma. Matrekta mapya yako vivyo hivyo. Mwili wa gari umebaki chuma kilekile cha zamani, lakini mishipa yake imekuwa mingine kabisa.

Sasa tueleze umeme wa mashine unavyokwenda, kwa maana asiyelijua hili ataona masharti yetu kuwa ni usumbufu mtupu.

Ninyi wenye mifereji mashambani mtatuelewa upesi kuliko wasomi. Umeme hutoka katika mashine kwa waya mmoja, ukapita katika kijiti, ukaruka kama cheche mpaka katika chuma, kisha ni lazima urudi katika mashine kwa waya wa pili, ule wenye kibano. Kati ya mahali pa cheche na mahali pa kibano, utapita katika kila kitu kiwezacho kuupitisha. Sehemu kubwa hufuata njia pana, yaani chasisi. Lakini kama maji yajazapo mfereji, sehemu nyingine huingia katika kila kijito kilicho wazi. Kibano kikiwa karibu na kazi, kwenye chuma kilekile, mfereji ni mfupi na mpana, na maji hayana haja ya kutafuta pengine. Kibano kikiwa mbali, au kikiwa juu ya rangi na kutu, mfereji umezibwa nusu, na maji yataingia katika shamba la maharage la jirani. Maharage hayo ni nyaya za sensa na vikasha.

Tazameni ukubwa wa mafuriko yenyewe. Kijiti cha milimita 3.2, ambacho ndicho kitumikacho sana katika kazi za chasisi, huhitaji kiasi cha ampea 90 hadi 140. Mashine ikiwa imewashwa na kijiti hakijagusa chuma, huwa na volti 50 hadi 80 hivi. Lori letu ni la volti 24, gari dogo ni la volti 12, na sensa nyingi ndani yake hufanya kazi kwa volti 5 tu, katika waya usiotakiwa kubeba hata ampea moja. Tena kila kijiti kinapogusa na kuachia, umeme huruka ghafula juu na chini, na mruko huo ndio mbaya zaidi kwa vitu vyembamba vilivyomo ndani ya vikasha.

Mtu aweza kuuliza: umeme huu waingiaje katika kikasha kilichofungwa kwa plastiki? Jibu ni kwamba karibu kila chombo cha gari hutumia chasisi kuwa njia yake ya kurudia. Ncha ya hasi ya betri imefungwa kwenye chasisi, altaneta imekaa juu ya injini iliyoungwa na chasisi kwa waya mnene, na vikasha navyo vina nyaya zao za ethi. Nyumba zote zina mlango katika ua mmoja. Kwa hiyo atiaye umeme wa mashine katika chasisi amekwisha kuutia uani.

Basi twafanyaje? La kwanza, na kwa maoni yetu ndilo bora kuliko yote, ni kujiuliza kama kitu chaweza kutolewa garini. Jembe la diski lililopasuka halina haja ya kuchomelewa likiwa limening'inia nyuma ya trekta. Lishusheni, likateni na trekta, lichomeleeni chini. Tela likatwe na kichwa chake, na nyaya zote zitokazo kwenye kichwa zichomolewe, za taa na za breki pia. Kutegemea kwamba tela ni chuma tu ni kosa, kwa maana tela nyingi za sasa zina kikasha chao cha ABS. Mlango wa bodi hutoka kwa pini mbili. Twaona watu wakiogopa kazi ya kufungua nati nne, kisha wakanunua kontroli boksi.

Kama kitu hakitoki, zimeni injini, toeni ufunguo, ngojeni dakika kadhaa. Vikasha vingine havilali mara tu ufunguo utokapo. Huendelea kuandika kumbukumbu zao, na lori litumialo dawa ya kusafisha moshi huwa linarudisha dawa hiyo katika tangi lake. Kisha fungueni betri, ncha ya hasi kwanza, ncha ya chanya baadaye. Wengi wajua mpango huu bila kujua sababu yake. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa chasisi, umekwisha kuunganisha chanya na hasi kwa spana. Cheche itokayo hapo yatosha kuyeyusha chuma, na juu ya betri huwa na hewa ya haidrojeni iwezayo kulipuka. Ukiisha kuitoa hasi, spana ikigusa chasisi haina neno. Wakati wa kufunga, mpango hugeuka: chanya kwanza, hasi mwisho.

Swichi kuu ya betri, ile ya kuzungusha iliyopo katika malori mengi, haitoshi. Ziko nyaya ambazo kwa makusudi zimepitishwa nje ya swichi hiyo, kwa mfano za saa ya mwendo. Hata kuzitoa ncha zote mbili hakumalizi kazi yote, kwa kuwa nyaya za ethi za vikasha zingali zimeshikamana na chasisi. Kwa hiyo, pale kazi ilipo kubwa au ilipo karibu na kikasha, plagi za kikasha zichomolewe pia. Plagi hizi zina komeo. Lifungueni komeo, wala msivute nyaya. Kisha zifunikeni kwa plastiki safi, maana unga wa grainda ukiingia humo utaleta ugonjwa mwingine ambao hata sisi hutuchukua siku nzima kuugundua.

Juu ya ncha za betri zilizokwisha kutolewa, mafundi hawapatani. Wako wasemao zifungwe pamoja, chanya na hasi, ili umeme uliobaki garini utoke. Wako wasemao zitengwe, kila moja ivalishwe mpira. Watengenezaji wa magari wenyewe hawana neno moja. Sisi twafuata kitabu cha gari kinavyoagiza. Na pale tusipokuwa na kitabu twazitenga. Viko pia vidude viuzwavyo madukani vya kufungwa juu ya betri ili vimeze mruko wa umeme. Hatuvikatazi, lakini hatutaki mtu aviweke mahali pa spana.

Sasa kibano. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine pote, nacho hakina gharama hata senti moja. Kwangueni rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kifungeni kibano hapo, karibu kabisa na mahali pa kazi, kwenye kipande kilekile kinachochomelewa. Kisifungwe kwenye injini, wala giaboksi, wala ekseli. Umeme ukilazimika kupita katika beringi, huruka kati ya gololi na njia zake na kutoboa vijishimo vidogo visivyoonekana. Gari litaondoka vizuri, na baada ya muda mtasikia beringi ikilia, wala hakuna atakayekumbuka siku ile ya kuchomelea. Hali kadhalika springi: isifungwe kibano wala isiguswe na kijiti hata mara moja. Chuma cha springi kimepikwa kwa moto maalumu, na alama ndogo ya cheche hugeuza mahali pale kuwa pakavu kama kioo. Jani la springi litakatikia papo hapo siku lori litakapokuwa na mzigo mlimani.

Waya mbili za mashine zilazwe pamoja, mbali na mafungu ya nyaya za gari, wala zisiviringishwe juu ya chasisi. Mkanda wa nyaya unaopita karibu na kazi usogezwe, na mabomba ya breki za upepo, ambayo katika malori mengi ni ya nailoni, yafunikwe, kwa kuwa tone moja la chuma cha moto hutoboa bomba. Juu ya tangi la mafuta na mtungi wa kuzimia moto hatusemi zaidi. Hayo mmeyasikia miaka yote kumi.

Tuongeze neno juu ya chasisi yenyewe. Watengenezaji wengi wa malori hukataza kuchomelea kingo za juu na za chini za chasisi, kwa sababu ndizo zibebazo nguvu kubwa, na joto huzilegeza. Kiongezwacho hapo hufungwa kwa bolti. Tumekuta malori yaliyochomelewa kingoni mara tatu, kila mara ufa ukianza pembeni mwa mshono uliotangulia. Mwenye gari husema fundi ni mbaya. Kumbe mahali ndipo pabaya.

Magari madogo ya ofisi yana hatari ya namna yake, yaani mifuko ya hewa iliyomo katika usukani na dashibodi. Fataki yake huwashwa kwa umeme kidogo sana. Asiguse mtu usukani wala nyaya za manjano zilizo chini yake kabla betri haijatolewa na muda ulioandikwa katika kitabu haujapita. Na gari likionekana lina nyaya nene za rangi ya machungwa, hilo lina betri kubwa ya volti mia na zaidi. Lisichomelewe na fundi wetu yeyote, lipelekwe kwa waliofundishwa magari ya namna hiyo.

Kuna desturi nyingine iliyo ndugu wa hii, nayo twaikemea kwa nguvu zote. Ni ya kuchomoa ncha ya betri huku injini inanguruma, eti kupima kama altaneta inachaji. Betri ndiyo bwawa lipokeayo umeme wa altaneta. Mkiliondoa ghafula, umeme ule hauna pa kwenda, na katika lori la volti 24 huweza kuruka kupita volti 100 kabla altaneta haijatulia. Altaneta hupimwa kwa mita: injini ikiwa inawaka, lori la volti 24 lionyeshe volti 27 hadi 28 na kidogo juu yake, na gari la volti 12 lionyeshe kama 14. Mita si ghali, na kila dereva aweza kufundishwa kuisoma kabla chai haijapoa.

Kazi ikiisha, chuma kiachwe kipoe, plagi zirudishwe na komeo zifungwe, kisha betri. Washeni ufunguo bila kuwasha injini, mkatazame taa za dashibodi. Taa ya ABS huwaka kisha huzimika kadiri kitabu kinavyosema. Taa isiyozimika ina habari ya kueleza, msiendeshe na kuinyamazia. Mafundi wa matawi wenye mita waweza kupima nyaya mbili za CAN, betri ikiwa imetolewa: kipimo cha kawaida kati yake ni omu 60. Wakipata 120, upande mmoja umekatika. Wakipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Lakini tuseme kweli: kikasha chaweza kupita vipimo hivi vyote siku ile, kisha kikafa mwezi wa tatu, kwa kuwa kiliumia bila kufa. Ndiyo maana twataka siku ya kuchomelea iandikwe katika daftari la gari, pamoja na mahali palipochomelewa na jina la fundi.

Sasa twageukia viongozi. Dereva aliyekwama porini na mzigo wa wanachama hawezi kushindana na fundi aliyemzidi umri amwambiaye, “Kijana, mimi nimechomelea magari kabla hujazaliwa.” Hana la kumjibu ila heshima. Kwa hiyo twawaomba makatibu msimwachie dereva mzigo huo peke yake. Idara imechapa kadi ya kukaa ndani ya kila gari, yenye masharti haya kwa maneno machache, na juu yake imeandikwa kwamba gari la Chama Kikuu halichomelewi mpaka betri imetolewa na kibano kimewekwa karibu na kazi. Dereva akiionyesha kadi, ni Chama kinachosema, si yeye. Yafaa mikataba ya wachukuzi wa kukodi nayo itiwe sharti hilo msimu ujao, kwa maana kahawa yenu ikilala njiani haitambui lori la nani lililokufa.

Twajua wako watakaosema kwamba robo saa ni nyingi wakati wa msimu, na kwamba gari hulipa kwa kutembea. Hoja hiyo twaiheshimu. Lakini waliongoja majuma mawili kwa ajili ya lile lori la hanga wamo humu ukumbini, na mtu akitaka kuzihesabu robo saa hizo, hao ndio wa kuulizwa.

Kadi ziko juu ya meza ya mlangoni, katika mafungu yenye majina ya vyama. Kila katibu achukue kwa hesabu ya magari yake na atie sahihi. Baada ya chakula, lori la Idara litakuwa chini ya mwembe pamoja na mashine ya kuchomelea. Tutafunga kibano mahali pabaya na mahali pazuri, kwenye chuma kisicho cha gari, na mita itakuwapo ili kila mtu asome mwenyewe. Madereva waje na spana zao.